Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tahakiki ya Nyumba za Kulia katika Pwani ya Mtwara

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na lugha. Wamakonde wa Mtwara wamepata sifa duniani kwa vinyago vyao, na ngoma yao ya sindimba imepata kuchezwa hata katika shule zilizo mbali kabisa na Ruvuma. Lakini chakula, ambacho kila mtu hukutana nacho kila siku, hutajwa kwa nadra katika maandishi ya utamaduni. Kinapotajwa hupelekwa katika somo la upishi au la afya, kana kwamba hakina historia wala ustadi wa kuhakikiwa. Hivyo tunao wahakiki wa mashairi, wa tamthilia na wa riwaya, ilhali wahakiki wa meza hatunao.

Walakini mgeni anayefika katika mji wetu hakutani kwanza na shairi. Hukutana kwanza na sahani. Kabla hajasikia ngoma yoyote njaa imekwisha kumuuma, naye huuliza swali ambalo wasafiri wa dunia nzima huuliza: hapa pana mahali gani pazuri pa kula? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu tunalompa lina uzito, kwa maana ndani yake twamwambia kile tunachokiona kuwa bora katika nchi yetu, na twaamua pia fedha yake iingie katika mfuko wa nani.

Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kwa pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani, kupitia Shangani na sokoni mjini Mtwara, hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma. Sikusudii kutaja majina ya nyumba za biashara. Nyumba hufunguliwa na kufungwa, wapishi huhama, na sifa ya mwaka huu yaweza kuwa aibu ya mwaka ujao. Nakusudia kutoa mizani ambayo mwalimu na mwanafunzi waweza kuitumia katika mji wowote wa pwani yetu, na kueleza kwa nini yafaa tuitumie.

Tangu nyumba ya mwenyeji hadi nyumba ya kulia

Zamani pwani hii haikuwa na haja kubwa ya nyumba za kuuzia chakula. Mgeni alikuwa na mwenyeji. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331 hadi Kilwa, ameeleza jinsi mfanyabiashara aliyefika Mogadishu kwa chombo alivyopokewa na mtu mmoja, akakaa nyumbani kwake, na biashara yake ikapitia mikononi mwa mtu huyo. Ameeleza pia chakula alichoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari za ndimu na pilipili. Msomaji ataona kwamba karibu miaka 700 iliyopita msafiri aliyeona nchi nyingi aliona chakula cha pwani hii kinastahili kuandikwa kitabuni.

Mikindani ni bandari ya zamani ya majahazi. Ni hapo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866, na ni hapo Wajerumani walipojenga boma mwaka 1895. Boma hilo lilikarabatiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la hisani la Uingereza, likageuzwa hoteli ya wageni. Mtwara yenyewe ina historia nyingine. Mji huu ulipangwa na kutanuliwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Barabara zake pana na bandari yake yenye kina kirefu ni masalio ya ndoto hiyo. Reli iliyojengwa kwenda Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ilibaki, na penye bandari pana makuli, na penye makuli hapakosi mpishi. Kazi ya namna hii ndiyo iliyomlea katika miji yetu yule mama anayepika kando ya barabara, ambaye wateja wake walimwita mama ntilie, kutokana na maneno yao wenyewe, "Mama, nitilie," na ambaye baadaye alipewa jina la heshima la mama lishe.

Kisha wageni wa namna nyingine wakaja. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na safari ya kusini ikapungukiwa na adha yake kubwa. Katika miaka ya 2010, gesi nyingi zaidi ilipopatikana baharini na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likajengwa hadi kukamilika mwaka 2015, wataalamu na wakandarasi walijaa mjini, na nyumba za kulala na kulia zikaongezeka upesi.

Kutokana na historia hiyo kumezuka meza mbili. Moja ni ya hoteli, yenye kitambaa, feni na orodha ya vyakula iliyochapwa. Nyingine ni ya mama lishe, yenye benchi, ndoo ya maji na masufuria yaliyofunikwa. Watu wengi hudhani kwamba tofauti ya meza hizi mbili ni ya usafi na bei tu. Nadhani ipo tofauti kubwa zaidi, nayo ni ya maudhui.

Maudhui ya meza

Tukihakiki kitabu, kwanza twauliza kinasema nini. Tuiulize meza vivyo hivyo.

Pwani ya Mtwara ina mengi ya kusema. Baharini mna changu, tasi, chewa, kolekole, nguru, kibua, dagaa, pweza na ngisi. Nchi kavu mna minazi, mihogo, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, mtama na mpunga, na mikorosho isiyohesabika. Kisamvu huchumwa karibu na kila nyumba. Muhogo huliwa wa kuchemsha, wa kuchoma na wa nazi, na makopa yake husagwa yakawa unga wa ugali. Porini huchimbwa ming'oko, mizizi myembamba ambayo huchemshwa na kuuzwa sokoni na mitaani, na ambayo mtu wa Mtwara au Lindi aliye mbali na kwao huikumbuka kwa uchungu kuliko vyakula vingi vya fahari.

Sasa tufungue orodha ya vyakula katika nyingi ya nyumba zinazopendelewa na wageni. Twakuta chipsi na kuku, chipsi na mayai, chipsi na samaki, tambi na piza. Mwenyeji wa vyakula hivyo hayupo katika eneo zima la Mtwara. Hata viazi vyenyewe vya chipsi haviwi katika joto la pwani. Hutoka katika nyanda za juu kama za Njombe, mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kupita katikati ya mashamba ya mihogo ya Wamakonde kabla ya kufika mezani.

Katika safari moja ya kikazi niliingia katika nyumba ya namna hiyo katika mji mmoja wa pwani ya kusini. Orodha ilikuwa ndefu, nayo ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Nilipomwuliza mhudumu kama wanacho kisamvu, kijana yule alitabasamu kwa haya, akasema, "Hicho ni chakula chetu sisi, mzee. Wageni hatuwapi." Alikuwa akisema kweli, kwa maana uani, nyuma ya jiko, wafanyakazi wa nyumba ile walikuwa wameizunguka sinia ya ugali, kisamvu cha nazi na kibua wa kuchoma, nao walikuwa wakila kwa furaha. Mbele, wageni wawili walikuwa wakigeuzageuza chipsi zilizopoa.

Maneno ya kijana yule yahitaji kutafakariwa. Hakusema kwamba kisamvu ni kibaya, maana alikuwa akikila. Alisema kwamba ni chetu, na katika fikra zake kilicho chetu hakifai kupelekwa mbele ya mgeni. Fikra hiyo hakuizua yeye. Ameirithi katika zama ambazo chakula cha mwenyeji kiliitwa cha kishenzi, na nyumba anamofanyia kazi inamthibitishia urithi huo kila siku kwa orodha iliyochapwa.

Yafaa tuwatendee haki wenye nyumba hizi. Wao hueleza kwamba mgeni huogopa asichokijua, kwamba viazi na kuku wa barafu hukaa bila kuharibika, na kwamba chipsi huiva upesi ilhali mbaazi zahitaji saa nyingi. Hoja hizi zina ukweli. Lakini mgeni aliyekwisha kula chipsi kwao maisha yake yote hakusafiri hadi Ruvuma ili azile tena. Na mbaazi zilizotiwa jikoni asubuhi huwa tayari adhuhuri. Mama lishe afanyaye hivyo kila siku hana jokofu wala shahada ya hoteli. Kinachokosekana ni mpango na imani kwamba kitu hicho chaweza kuuzwa.

Lipo pia suala la fedha, na hapa methali yetu yatufaa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akila samaki wa nazi kwa ugali wa muhogo, shilingi yake humfikia mvuvi, mwenye mnazi, mkulima wa muhogo, muuza mkaa na mpishi, na wote hao wako katika mwendo wa siku moja. Akila kuku wa barafu aliyeletwa kutoka mbali, sehemu kubwa ya shilingi hiyo huondoka na lori lililomleta. Watu wa Mtwara wanaijua habari hii katika korosho, ambazo kwa miaka mingi sehemu kubwa zimesafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam zikabanguliwe huko. Haipendezi tuyarudie mambo hayohayo mezani kwetu wenyewe.

Fani ya jiko

Maudhui peke yake hayatoshi. Shairi lenye mawazo mema na vina vilivyovunjika ni shairi baya, na kisamvu cha kwetu kilichopikwa ovyo ni chakula kibaya. Hatuna budi kuihakiki fani.

Alama ya kwanza ya jiko la pwani ni tui. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, liitwalo kasimile, hutengwa. Tui jepesi hutangulia jikoni likaivisha samaki au mboga, kisha kasimile hutiwa mwishoni kwa moto mdogo, huku mpishi akikoroga ili tui lisikatike. Mpishi mvivu hutia yote kwa pamoja na kuongeza moto. Mchuzi hugawanyika, mafuta yakaelea juu na maji yakakaa chini. Mlaji haulizi kitu. Hutazama bakuli tu, naye hujua kama mpishi alikuwa na subira.

Alama ya pili ni samaki mwenyewe. Samaki mbichi ana macho maangavu yaliyotokeza na mashavu mekundu, na nyama yake hurudi ikibonyezwa. Yuko samaki mwingine ambaye yafaa kila mlaji wa pwani amjue, naye ni yule aliyeuawa kwa baruti. Uvuvi huo umekatazwa na sheria, umevunja matumbawe katika sehemu nyingi za pwani ya Tanzania, na umepata kukata mikono na maisha ya wavuvi wenyewe. Samaki wake huwa na mfupa wa mgongo uliovunjika, damu iliyovilia ndani, na nyama laini inayooza upesi. Mpishi mjuzi humtambua anapompasua, na mpishi mwaminifu humkataa. Nyumba ya kulia inayonunua samaki huyo kwa kuwa ni rahisi inabomoa jiko lake yenyewe, maana matumbawe yakiisha, samaki hana mahali pa kuzalia, na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2000 itabaki jina.

Alama ya tatu ni wakati. Bahari ina ratiba yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Huo ndio wakati wa bamvua, ambapo miamba huachwa wazi na watu wa pwani, wanawake kwa wanaume, hushuka kutafuta pweza. Maji yakiwa mafu, pweza huadimika. Hivyo nyumba inayotangaza pweza mbichi siku 30 za mwezi yastahili kuulizwa maswali, na nyumba inayosema "leo hakuna pweza, rudi wakati wa bamvua" yastahili kuaminiwa katika mengine yote.

Alama ya nne ni ujuzi wa muhogo. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Mababu zetu walijifunza kuiloweka, kuivundika, kuikausha na kuitwanga hadi sumu ipungue. Pale njia hizo zilipofupishwa, hasa nyakati za ukame na njaa, watu walidhurika, na ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, umewahi kuripotiwa kusini mwa Tanzania. Anayesema kwamba upishi wa muhogo hauhitaji akili hajui asemalo. Ustadi huo umewaweka watu hai katika nchi kavu ya uwanda wa Makonde, na ukipotea hautarudishwa kwa tangazo.

Jinsi ya kutafuta

Kutokana na hayo, mtu aliye mgeni Mtwara au Mikindani atautafutaje mlo mwema?

Kwanza, aanze na soko kabla ya hoteli. Afike mahali wavuvi wanapoteremsha samaki, atazame kilichopatikana siku hiyo, ndipo aende kuuliza nani anakipika. Nyumba ambayo chakula chake hakifanani kabisa na kilichoko sokoni imetengana na mahali ilipo.

Pili, aende saa ya chakula. Mlo wa mama lishe una kilele chake, nacho ni adhuhuri. Wali uliokaa tangu saa sita hadi saa kumi si ule wali tena, na kumlaumu mpishi kwa hilo ni kama kumlaumu muadhini kwa sababu wewe umelala.

Tatu, atazame walaji. Makuli, madereva, makarani na walimu hawana fedha ya kupoteza. Wakijazana mahali pamoja kila siku, wameshafanya uhakiki kwa niaba yetu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi wageni husoma sifa za nyumba za kulia katika simu zao kabla hawajashuka katika basi. Sifa hizo zina manufaa yake, lakini mara nyingi huandikwa na mtu aliyekaa usiku mmoja, naye husifu feni, upesi wa mhudumu na ufasaha wake wa Kiingereza. Maoni ya kuli aliyekula hapo miaka mitano hayaandikwi popote.

Nne, aulize "leo kuna nini?" badala ya kuuliza "mna nini?" Swali la kwanza humpa mpishi nafasi ya kusema kweli.

Tano, atazame maji na mikono. Mizani hii lazima iwapime wote sawasawa. Wako mama lishe ambao chakula chao ni kitamu na maji yao ya kunawia hayatamaniki. Wako wanaoacha masufuria wazi nzi wakatua. Wako wanaomtajia mgeni bei moja na jirani yake bei nyingine. Kuwatetea katika makosa hayo kwa kuwa ni wanyonge si heshima. Kawa ya ukindu ya kufunikia chakula ni ufundi wetu wa zamani, na maji yanayotiririka kutoka katika ndoo yenye bomba hayahitaji mtaji mkubwa. Halmashauri zina wajibu wa kuwapatia kina mama hawa maji, mtaro na paa.

Mfano wa kujifunza uko Zanzibar. Bustani ya Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na jioni wapishi hupanga meza zao hapo, wageni na wenyeji wakala pamoja urojo, mishikaki na vyakula vya baharini. Kutaniana huko kwa mgeni na mwenyeji katika meza moja ndiko kuzuri kwake. Lakini Forodhani yatuonya pia. Mahali pakijaa wageni, chakula huanza kupangwa kwa ajili ya macho, na kitu kilichopangwa kwa macho hushawishika kumsubiri mnunuzi kupita wakati wake. Mikindani na Msimbati hazijafika huko. Zina nafasi ya kuchagua mapema.

Lugha ya orodha

Nimegusia kwamba orodha niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Walimu wa Kiswahili wasilipuuze jambo hili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 ili kukuza lugha yetu, na tumefanya bidii kubwa kutafuta istilahi za sayansi na utawala. Wakati huohuo istilahi za jikoni, ambazo tayari tunazo, zinatuponyoka. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha pili leo wanaoweza kueleza kasimile, kifumbu, machicha na kawa? Neno huishi kwa kutumiwa. Chakula kisipoandikwa kwa jina lake katika orodha, mhudumu halitamki, mgeni halisikii, na mtoto wa mwenye nyumba hukua akilijua jina la Kiingereza la chakula cha bibi yake.

Wengine watasema kwamba mgeni hataelewa. Waitalia hawakuitafsiri piza walipoipeleka duniani, wala Wahindi hawakuitafsiri biriani. Walitaja jina, wakaeleza kilichomo, na dunia ikajifunza. Yatosha kuandika samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, kisamvu, mkate wa kumimina, na chini yake kuweka mstari mmoja wa maelezo kwa lugha ya mgeni. Mgeni ataondoka na ladha na jina lake pamoja, naye ataweza kulitaja akiulizwa kwao.

Hoja ya asili

Yupo msomaji atakayeuliza: chakula kipi hasa ni chetu? Muhogo, mahindi na mkorosho vilitoka Amerika na kuletwa na Wareno. Chapati na biriani vina asili ya Asia. Je, hatujengi ukuta juu ya mchanga?

Hoja hii ni ya kweli katika historia, lakini haivunji niliyoyasema. Kiswahili chenyewe kimepokea maneno kutoka Arabuni, Uhindi, Ureno na Uingereza, na hakuna anayesema kwamba kwa hiyo si lugha yetu. Kitu huwa chetu tunapokitia mkono, tukakirekebisha, tukakipa jina, na tukawafundisha watoto. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Muhogo uliotiwa tui na kufunikwa hadi ukaiva ni wa pwani hii, popote mbegu yake ilipotoka. Hata chipsi zaweza kuwa zetu siku tukizikata kutoka katika muhogo wa Newala na kuzila kwa kachumbari na pilipili, kama wafanyavyo wauzaji wa muhogo wa kukaanga mitaani. Mizani yangu haiulizi chakula kilizaliwa wapi. Yauliza kama mpishi anakijua, kama nchi inayozunguka jiko inakilisha jiko hilo, na kama anayekitoa hakionei haya.

Lipo pingamizi zito zaidi. Kwa watu wengi wa kusini, makopa na ming'oko ni kumbukumbu ya njaa. Mzee aliyekula makopa miezi mitatu mfululizo hafurahii kuambiwa kwamba hayo ni utamaduni. Lazima tumheshimu. Lakini mataifa mengi yamekula kwa shida kwanza na kwa fahari baadaye, na tofauti iko katika hiari. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa kuwa hana kingine ni maskini, na kazi ya taifa ni kumwondolea umaskini huo. Mtu anayeuchagua, akaupika vema, akaupeleka mbele ya mgeni kwa bei ya haki, huyo amegeuza kumbukumbu ya shida kuwa riziki.

Kazi ya shule

Nawaomba walimu wa Mtwara, na wa pwani nzima, wachukue jambo hili kama kazi ya darasa. Kila mwanafunzi na amwulize bibi au mama yake jinsi ya kupika chakula kimoja, aandike jina lake, vyombo vyake, hatua zake na majira yake. Kisha darasa liende sokoni kuona ni vipi kati ya vyakula hivyo vinauzwa, na lisome orodha ya nyumba moja ya wageni kuona ni vipi vimeandikwa. Tofauti kati ya hesabu hizo tatu itawafundisha wanafunzi historia, uchumi na lugha katika juma moja. Na wale watakaofungua nyumba za kulia siku za mbele, maana wamo madarasani humo, watakuwa wameshajua la kuandika katika ukurasa wa kwanza wa orodha.

Mlango wa Ruvuma utaendelea kupokea wageni: wa gesi, wa bahari, wa biashara ya ng'ambo ya mto, na wale wanaotaka tu kuona fukwe za Msimbati. Watauliza pa kula. Tukiwapeleka penye jiko linaloijua bahari iliyo mbele yake, nao wakalipa bei ya haki, mgeni atakuwa ameshiba na mwenyeji atakuwa amepona.